Pikipiki kubwa iliyotumika kwa safari ndefu za watu wawili: ipi kati ya hizi tatu?

Msafiri wa Kigamboni:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijalipa fedha ambayo sitaweza kuirudisha.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni, nina miaka 47, nina leseni ya daraja A, na kwa miaka tisa nimekuwa nikienda kazini kwa pikipiki ya cc 150. Watoto wamekwisha kutoka nyumbani, hivyo mwaka jana mimi na mke wangu tuliamua kuitumia pikipiki hiyo hiyo kwenda Lushoto. Tulifika, lakini kwa taabu. Kuanzia Chalinze mke wangu alikuwa akinigonga begani kila baada ya nusu saa ili nisimame anyooshe miguu. Tulilala Segera, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Na tulipoanza kupanda kutoka Mombo, mashine ilikuwa ikihema kwa gia ya pili huku Noah zikitupita kwenye kona kana kwamba tumeegesha. Wakati wa kurudi yeye alipanda basi, mimi nikarudi na mizigo. Hajakataa kusafiri tena kwa pikipiki, ila ametoa sharti moja tu: siti iwe siti, isiwe ubao.

Bajeti yangu ni shilingi milioni 18, na ndani ya hizo ningependa kubakiza angalau milioni 3 za matairi, maboksi na matengenezo ya mwanzo. Hapa mjini nimeona tatu. Ya kwanza ni Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2008 yenye kilomita 54,000. Ya pili ni BMW R1200GS ya mwaka 2009 yenye kilomita 91,000, na bei yake inamaliza bajeti yote. Ya tatu ni Yamaha XT660Z Ténéré ya mwaka 2010 yenye kilomita 38,000, ambayo kwa macho ndiyo safi kuliko zote na ndiyo iliyoniteka moyo.

Safari tunazokusudia ni za lami kwa sehemu kubwa: Lushoto tena, Iringa, Mbeya na Tukuyu, na siku moja, Mungu akipenda, hadi Matema ziwani. Mimi nina kilo 86 na kimo cha sentimita 170. Mke wangu ana kilo 71. Je, ukubwa wa injini pekee unatosha kuleta tofauti ninayoitafuta? Na katika pikipiki iliyotumika, ni mambo gani ambayo mtu wa cc 150 kama mimi hawezi kuyajua?

Mzee wa Sanawari:

Karibu sana, mdogo wangu, na mpe shemeji pole ya safari ile. Mimi nipo Arusha, nimembeba mke wangu kwa miaka 11 juu ya pikipiki tatu tofauti, na kosa nililolifanya katika ununuzi wa ile ya kwanza ndilo ninaloliona likikukaribia: nilikwenda kuijaribu peke yangu. Nilizunguka nayo mitaa miwili nikiwa mwepesi, nikasikia injini inaimba, nikalipa. Mke wangu aliiona ilipokuwa tayari imeegeshwa uani.

Nianze na hiyo iliyokuteka moyo. Ténéré ni mashine imara na tangi lake la lita 23 linatosha njia ndefu, lakini siti yake ipo milimita 895 kutoka chini. Kwa kimo chako utakuwa umesimama kwa ncha za vidole. Ukiwa peke yako utazoea. Sasa fikiria umesimama kituo cha mafuta, chini kuna changarawe na mafuta yaliyomwagika, na mtu wa kilo 71 anakanyaga pembeni ili apande. Mimi yalinikuta Same, nikiwa na pikipiki nyingine ya aina hiyo ya urefu: mguu wangu wa kushoto ulikuta kishimo kidogo, kina chake hakizidi kiganja, na mashine yote ikaanza kulala taratibu huku nikiizuia kwa nguvu zangu zote na mke akiwa ameshaning'inia nusu. Hatukuumia. Tulicheka baadaye sana, si siku ile.

Pili, ile ni injini ya silinda moja. Cc 660 kwenye silinda moja ina mapigo makubwa, na mapigo hayo humfikia abiria kupitia kanyagio na siti. Dereva ana kazi ya kufanya kwa hiyo huyasahau. Abiria hana kazi, anayahesabu. Injini za silinda mbili, kama hizo mbili nyingine ulizoziona, hugawa kazi hiyo, na kwenye mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa mtetemo wake ni mdogo zaidi. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana: ukubwa wa injini pekee hautoshi.

Jambo ambalo watu hawalitazami kabisa ni mzigo unaoruhusiwa. Fungua kitabu cha pikipiki, tafuta uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa, kisha toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta kamili. Kinachobaki ndicho mlichopewa nyinyi wawili na vyenu vyote. Kwa mashine za daraja hili mara nyingi utabaki na kilo 180 hadi 210. Hesabu yenu ni hii: wewe na shemeji kilo 157, helmeti, makoti na viatu vya watu wawili weka kilo 14, maboksi matatu ya chuma pamoja na vyuma vyake vya kushikia, kilo 15 yakiwa matupu. Hapo mmefika 186 na bado hamjaweka hata mswaki. Ndiyo maana mimi niliachana na maboksi ya chuma ya pembeni, nikanunua mabegi ya turubai yasiyopitisha maji.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningeanza na V-Strom. Ile ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ina tangi la lita 22, na ukiwa na abiria na mwendo wa kistaarabu utapata kilomita 20 kwa lita au karibu na hapo. Siti yake ipo milimita 820, utakanyaga chini vizuri. Sura yake haina mvuto, nakubali.

Fundi Spana:

Mzee wetu ameshamaliza upande wa kuchagua aina, kwa hiyo mimi nitaeleza namna ya kumkagua mnyama mwenyewe. Nipo Gerezani na kazi yangu ya kila siku ni kurekebisha pikipiki ambazo watu walizinunua kwa rangi.

Usimpigie simu muuzaji ukiwa njiani kumwambia unafika. Mwambie siku na saa, kisha ufike nusu saa kabla. Kitu cha kwanza weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, ameshaiwasha, na huenda ana sababu. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo inayosema ukweli: uwashaji mgumu, moshi wa bluu wa sekunde chache, mlio wa cheni ya ndani kabla oili haijapanda. Ikiwashwa ikiwa moto, hayo yote yanaweza kufichika.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zichukue kama maelezo ya muuzaji, si kama ushahidi. Ushahidi upo kwenye raba za kanyagio, kwenye mipira ya usukani, kwenye kingo za breki ya mguu na kwenye diski za breki. Diski huwa na unene wa chini kabisa uliochapwa juu yake kwa milimita. Ukiwa na kipimo kidogo cha kubana utajua mara moja kama inakaribia mwisho. Pikipiki inayodaiwa kuwa na kilomita 38,000 huku raba za kanyagio ya abiria zimeisha kabisa, hiyo iulize maswali.

Matairi yana namba nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu ubavuni. Ikiandikwa 3516, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Muuzaji atakuonyesha kashata ndefu, yaani meno ya tairi, wewe soma namba. Raba iliyokaa juani hapa Dar es Salaam hugeuka ngumu kama soli ya kiatu cha shule, na kwenye lami yenye mvua ya kwanza baada ya ukame haishiki kitu. Kwa V-Strom hiyo tairi la mbele ni 110/80 rimu 19 na la nyuma ni 150/70 rimu 17, yote hayatumii tyubu, kwa hiyo ukichomwa na msumari porini unaziba kwa uzi wa raba bila hata kuvua gurudumu. Ténéré ina rimu za spoku na matairi yake yana tyubu. Hapo utavua gurudumu, utang'oa tairi, na mke wako atashika tochi.

Cheni: shika ile sehemu inayozunguka sproketi ya nyuma kabisa, uivute kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi kiasi cha kuona nusu ya jino, imekwisha, na sproketi zake zote mbili zimekwisha pamoja nayo. Mwombe mtu mwingine akuinulie upande wa mbele kwa jeki, zungusha usukani polepole toka kushoto kwenda kulia. Ukisikia unanasa kidogo ukifika katikati, beringi za shingo zimechimbika na zinahitaji kubadilishwa. Pitisha kidole chenye kitambaa cheupe kwenye nguzo za shokapu za mbele. Alama ya oili maana yake sili zinavuja. Kisha mita ya umeme: injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu, koili ya kuchajia au kifaa kinachodhibiti umeme kimechoka, na hiyo ndiyo pikipiki itakayokuacha Ruaha Mbuyuni saa kumi na mbili jioni.

Kwa hapa kwetu pwani naongeza moja. Pikipiki iliyoishi Msasani au Kigamboni karibu na bahari itazame chini ya siti na kwenye soketi za nyaya. Ukiona unga wa kijani kwenye soketi, chumvi imeshaingia. Hilo halionekani kwenye picha.

Na mwisho wa ukaguzi, kabla ya maneno ya bei, linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizopo kwenye kadi. Kazi ya dakika tatu.

Mama Siti ya Nyuma:

Habari za jioni kaka, na kwa wifi pia kama anasoma. Wanaume wawili wameandika na wote wamesema vizuri, lakini hakuna hata mmoja ambaye ameshakaa nyuma kwa kilomita 500. Mimi nimekaa. Ninatoka Dar es Salaam kwenda Iringa na mume wangu kila mwaka, na njia ile ninaijua kwa magoti na kiuno changu.

Kitu cha kwanza wifi anachotakiwa kukitazama ni umbali kati ya siti na kanyagio. Siti inaweza kuwa laini kama godoro, lakini kanyagio zikiwa juu, magoti yanakunjwa kama mtu aliyechuchumaa, na baada ya saa moja huwezi kuyanyoosha. Kwenye pikipiki zenye sura ya mashindano kanyagio za abiria zipo juu sana. Hizi za safari zina nafuu, hata hivyo zinatofautiana. Akae dakika 15 nzima akiwa amevaa viatu vyake vya safari, si dakika moja. Ganzi huanza baada ya dakika kumi.

Cha pili ni mahali pa kuegemea. Boksi la nyuma lenye pedi mgongoni lilibadilisha maisha yangu kuliko pikipiki mpya. Kabla yake, kila mume wangu alipoongeza mwendo nilikuwa nikikaza tumbo ili nisirudi nyuma, na kila aliposhika breki nilikuwa nikisukuma tangi kwa mikono ili nisimgonge. Ukitoka Morogoro hadi Iringa fikiria ni mara ngapi. Zipo rasta kabla ya kila kijiji, zipo matuta, kipo kile kipande cha kilomita 50 ndani ya hifadhi ya Mikumi ambapo huruhusiwi kukimbia na wala hutakiwi kutaka, kwa sababu nyati hatoi ishara. Halafu inakuja Kitonga, ambapo unapanda nyuma ya lori lililobeba kontena, breki, gesi, breki, gesi. Abiria asiye na pa kuegemea anafika Ilula akiwa amefanya mazoezi ya siku nzima. Ila boksi hilo usilijaze vitu vizito: lipo nyuma ya gurudumu, na uzito pale hufanya usukani uwe mwepesi na pikipiki iyumbe kwenye mwendo. Sisi tunaweka makoti ya mvua na mkate.

Cha tatu ni upepo. Wakati mwingine kioo cha mbele kikubwa ni kizuri kwa dereva na ni adhabu kwa abiria, kwa sababu upepo unaoruka juu ya kichwa cha dereva unatua usoni kwa aliye nyuma, tena kwa mapigo, helmeti inatikisika hadi macho hayasomi kibao cha barabarani. Hili huwezi kulijua dukani. Muombe muuzaji akubali mwende wawili hadi kilomita 80 kwa saa mahali panaporuhusu. Asipokubali mwachie amana, na akikataa hata hapo, mwachie pikipiki yake.

Kuhusu siti yenyewe, msiifanye kigezo kikuu. Siti hutengenezeka. Yangu ilifunguliwa na fundi wa makochi Iringa mjini, akatoa sponji ya zamani iliyokuwa imelala, akaweka tabaka gumu chini na laini juu, akapunguza mteremko uliokuwa ukinisukuma mbele kwa mume wangu kila wakati. Kanyagio na fremu ndivyo visivyobadilishika kwa urahisi, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kuchagulia.

Na kaka, usiongeze umbali. Sisi tunasimama kila kilomita 70 au 80, kuchoka au kutochoka. Mume wangu mwanzoni aliona aibu. Sasa yeye ndiye wa kwanza kushuka.

Mwendaji wa Nakuru:

Salamu kutoka Nakuru. Naona BMW imeachwa bila wakili, kwa hiyo naomba niisemee kidogo, maana nimeendesha R1200GS ya kizazi hicho kwa miaka sita, mara nyingi nikiwa na mke wangu.

Injini yake ni ya silinda mbili zilizolala, moja kila upande, za cc 1,170 kwa jumla. Aina hiyo ya injini huitwa boksa, neno ambalo huku kwetu lina maana nyingine kabisa ya bodaboda. Nguvu yake inakuja chini, kwa hiyo mlima wa Mombo hautabadilisha hata gia. Jambo ambalo Mama Siti ya Nyuma angelipenda zaidi lipo mbele: badala ya shokapu za kawaida za mbele kubeba kazi yote, kuna mkono na springi moja katikati, mfumo uitwao Telelever, na matokeo yake ni kwamba ukishika breki pua ya pikipiki haizami sana. Helmeti ya mke haigongi yako. Kwenye nchi ya matuta, hilo si jambo dogo. Kwa uzito pia imo: ya kuanzia 2008 ina kilo 229 ikiwa na mafuta, na imeruhusiwa kilo 440 kwa jumla, hivyo mnabaki na 211. Haina cheni ya kupaka oili, ina shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma.

Hata hivyo sikushauri uinunue. Kilomita 91,000 si nyingi kwa injini ile ikiwa imetunzwa, lakini uliandika kwamba bei yake inamaliza bajeti yako. Mashine hii hainunuliwi kwa shilingi ya mwisho. Oili ya shafti na ya gia lazima ibadilishwe kwa wakati, baadhi ya hitilafu hazisomeki bila kompyuta, na spea nyingi utaagiza nje na kusubiri. Mimi niliweza kwa sababu nilikuwa na akiba ya pembeni na fundi Nairobi anayezifahamu. Ukiwa na milioni 3 mfukoni baada ya kununua, V-Strom utaifanya kuwa mpya. Ukiwa na sifuri, GS itasimama uani na wewe utaitazama dirishani.

Kama ukipata nafasi ya kutazama nyingine zaidi ya hizo tatu, ipo Honda Transalp XL700V, iliyotoka mwaka 2008, silinda mbili, cc 680, ya kistaarabu sana kwa abiria. Ipo pia Honda NC700X, ambayo inakula mafuta kidogo na ina sanduku la kuweka helmeti pale ambapo pikipiki nyingine zina tangi. Tangi lake la lita 14 na kidogo lipo chini ya siti, na mdomo wa kujazia upo chini ya siti ya abiria. Kaka, fikiria hilo polepole: kila kituo cha mafuta mkeo anashuka, na begi lolote ulilolifunga juu ya siti unalifungua. Rafiki yangu anayo na anaipenda, ila yeye husafiri peke yake.

Usisahau pia kwamba kizazi hicho cha V-Strom, kama hiyo GS, kina kitasa pembeni cha kukaza springi ya nyuma kwa mkono bila spana. Kwa anayebeba abiria leo na kesho yuko peke yake, ni starehe kubwa.

Msafiri wa Kigamboni:

Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kukaa kimya siku kumi. Nilichapisha majibu yenu kwenye karatasi, nikampa mke wangu, na Jumamosi tulikwenda pamoja.

GS ilikuwa na joto tulipofika, na tulifika nusu saa kabla kama Fundi alivyoagiza. Muuzaji alisema ametoka nayo kununua maziwa. Sikubishana naye, tukamshukuru. Kwenye Ténéré mke wangu alipanda mara moja, nikahisi mguu wangu ukitafuta chini na kukosa, na kabla sijasema lolote akasema mwenyewe, "Hii hapana." Ilikuwa nzuri kwa macho hadi dakika ile.

Kwenye V-Strom alikaa dakika 15 kwa saa ya simu yake, akiwa na viatu na koti, mwenye pikipiki akituona kama vichaa. Magoti hayakulalamika. Tulipewa ruhusa ya kuijaribu wawili baada ya kuacha amana, na upepo nao ukajitokeza kama ilivyotabiriwa: mimi nilikuwa kwenye utulivu, yeye alikuwa akitikiswa. Mwenye pikipiki alikuwa na kioo kifupi cha zamani stoo; tukakifunga, tukarudia barabara ile ile, ikawa afadhali sana, ingawa sasa upepo kidogo unanipata mimi kifuani. Nimekubali.

Ukaguzi ulitoa mambo mawili. Tairi la nyuma lilisoma 2213, yaani lina umri wa mwanafunzi wa shule, na usukani ulinasa katikati nilipouzungusha gurudumu likiwa juu. Cheni ilikuwa nzima, umeme ulisoma 14.1. Nilimwonyesha mwenye nayo vyote viwili bila kelele. Akashusha bei kwa thamani ya matairi mawili na beringi. Namba za fremu na injini zimelingana na kadi, na uhamisho wa umiliki TRA tumeshaukamilisha. Nimebakiwa na milioni 4 na laki 2.

Swali langu la mwisho ni kuhusu hicho kitasa cha springi. Nikikaze kiasi gani? Ijumaa alfajiri tunaondoka kwenda Lushoto, kituo cha kwanza Chalinze.

Fundi Spana:

Hongera. Umefanya ukaguzi kuliko wengi ninaowapokea hapa.

Usikaze kwa kukisia. Chagua alama moja kwenye kava la nyuma, juu ya ekseli. Pikipiki ikiwa imeinuliwa na gurudumu la nyuma linaning'inia, pima kutoka ekseli hadi alama hiyo. Kisha ishushe, mkae wawili na mizigo yote kama mnaondoka, mtu wa tatu apime tena. Gurudumu la nyuma la pikipiki hiyo lina mwendo wa milimita 150, kwa hiyo tofauti iwe theluthi moja hivi, milimita 45 hadi 50. Ikizidi, kaza. Ukimaliza, egesha mbele ya ukuta usiku mkiwa juu yake, uangalie taa: nyuma ikilala, mwanga unapanda, na madereva wa malori watakulaani kutoka Chalinze hadi Mombo. Upepo wa matairi fuata ule wa watu wawili ulioandikwa kwenye kibandiko, upime asubuhi matairi yakiwa baridi. Na hizo beringi usiondoke nazo. Njoo Jumatano, ni kazi ya nusu siku.

Mama Siti ya Nyuma:

Kaka, Chalinze ni mbali mno kwa kituo cha kwanza, hasa ukihesabu na foleni ya kutoka Kigamboni. Simameni Mlandizi. Na wifi, chukua leso ya kufunga shingoni. Kioo kikiwa kifupi, vumbi la alfajiri linaingia chini ya helmeti.

Msafiri wa Kigamboni:

Jumatano nipo Gerezani, Fundi. Mlandizi imeandikwa, kwa mwandiko wa mke wangu mwenyewe.